Koti la Damu ya Mzee

Kila siku akitoka shule, Sindano aliingia kwa mlango wa nyuma wa duka la udobi la shangazi yake, akavua viatu, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kisha akakaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha. Kunawa kulikuwa sharti. Shangazi hakutaka vidole vyenye wino vikaribie nguo za watu, na Shangazi akishasema jambo halirudii.

Jina la Sindano alipewa kwa wembamba wake, likamganda kwa sababu ya kazi yake. Nguo iliyoingia dukani haikuguswa na maji kabla ya kutiwa alama. Kila mteja alikuwa na uzi wake, rangi mbili zilizoshonwa msalaba mdogo kama punje ya mtama, ndani ya ukosi wa shati au kiuno cha suruali. Mwalimu wa hesabu alikuwa nyekundu na nyeupe. Mama wa duka la dawa alikuwa zambarau na kijivu. Mashati meupe yangeweza kurundikana mpaka darini, na bado kila moja lilirudi kwa mwenyewe.

Shangazi alijivunia nyuzi hizo kuliko alivyojivunia kitu chochote. Mteja mgeni akiuliza kama nguo yake haitapotea, aliambiwa kwamba nguo isiyo na uzi haijawahi kukanyaga duka lile.

Kazi ya kufua na kuanika ilikuwa ya kaka yake Sindano, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye mtaa mzima ulimwita Maridadi. Walipoondokewa na wazazi wao, Shangazi ndiye aliyewachukua wote wawili. Maridadi alikuwa na suruali mbili tu za kwake, lakini alikuwa na wateja tele, na kwa hesabu yake hilo lilimfanya kuwa na nguo nyingi kuliko tajiri yeyote pale mtaani. Akitumwa kupeleka mzigo, hakukosa kukata kona, akavaa shati la mtu, akatembea nalo kifua mbele, kisha akalivua kwenye kona ileile wakati wa kurudi. Sindano alilijua hilo. Shangazi hakulijua.

Koti lililoleta balaa lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, ule wekundu uliokolea hadi kukaribia weusi, na vifungo vyake viling'aa. Lililetwa pamoja na suruali ya kijivu siku ambayo Shangazi alikuwa amekwenda kununua sabuni. Mwenye nguo alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Alishukuru alipopokelewa, akashukuru alipoulizwa jina, akashukuru tena alipokuwa akitoka, hata Maridadi akambandika jina la Bwana Asante. Alisema hana haraka na nguo zake, wakae nazo tu. Sindano alizitia uzi wa kijani na njano.

Jumamosi iliyofuata, Maridadi alimjia kwenye kigoda akiwa na lile koti mkononi na sauti ya asali mdomoni. Rafiki yake alikuwa na sherehe. Angelivaa mara moja tu, lakini ukosi wake ulisimama, uzi ungeonekana, na wenzake wangemcheka kwamba amevaa nguo ya dobi.

"Fumua tu, mdogo wangu," alisema. "Kesho unashona tena. Nani atajua?"

Sindano alikataa. Maridadi akabembeleza, akatania, akanuna, akabembeleza tena. Mwishowe Sindano akachukua mkasi mdogo, akafumua. Kesho ilifika bila koti kurudi. Kila alipolidai, kaka yake alimwambia bado kidogo, na koti likabaki ndani ya mfuko chini ya kitanda chake, halina alama ya mtu yeyote duniani.

Katikati ya wiki hiyo wakaja wale wanaume wawili.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na dobi, palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi lenye benchi barazani. Mmoja alikuwa amevaa kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Wa pili alikuwa mrefu, miguu yake ikitokeza mpaka njiani. Wote wawili walikuwa wamevaa mashati mapana yaliyoachwa nje ya suruali. Walikaa siku ya kwanza, wakakaa siku ya pili. Hawakuzungumza na mtu, hawakununua hata msumari, na macho yao hayakubanduka kwenye mlango wa Shangazi.

Mtaa ukaanza kunong'ona. Fundi viatu, ambaye meza yake ilikuwa chini ya kibaraza cha dobi, alisema hao ni wezi wanaopima mlango. Alisema anawajua wezi kwa viatu vyao, na viatu vya hao vilikuwa na soli za kukimbilia. Mwenye duka la vifaa aliapa kwamba yeye hawajui, akaanza kufunga mapema. Hata majirani waliokuwa wakisalimiana kwa vicheko sasa walisalimiana huku wakitazama nyuma yao.

Sindano naye alikuwa na shaka yake, mbaya kuliko zote, na hakuweza kumwambia mtu. Aliamini kwamba wale watu wametumwa na Bwana Asante kulitafuta koti lake. Kila alipoinua macho kutoka kwenye sindano aliona kofia ile imemwelekea. Alipomnong'oneza kaka yake, Maridadi alicheka, akasema hakuna mtu wa kutuma majitu mawili kwa ajili ya koti. Lakini tangu saa hiyo na yeye akawa anapita mlango wa nyuma.

Ijumaa alasiri duka lilinuka mvuke na sabuni kama kawaida. Shangazi alikuwa akipiga pasi shati la Mwalimu, na Mwalimu mwenyewe alikuwa amekaa akilisubiri, kwa kuwa alitakiwa kwenye mkutano. Maridadi alikuwa ametumwa kupeleka makoti meupe ya zahanati.

Ghafla alitokea mlango wa mbele, mbio mbio, kijasho kikimtiririka, amevaa lile koti la damu ya mzee.

Shangazi alimtazama. Kabla hajauliza, wale wanaume wawili walikuwa mlangoni. Mashati yao yalikuwa yamepandishwa kiunoni, na kila mmoja alikuwa na bastola mkononi.

"Polisi," alisema mwenye kofia. "Kila mtu atulie. Mikono ionekane."

Alilisema neno hilo waziwazi, lakini hakuna aliyelisikia ila Shangazi. Bastola zilikuwa zimeziba masikio ya wengine wote. Kwa siku zote hizo mtaa ulikuwa umejiambia kwamba hao ni wezi, na sasa kila mmoja aliona wezi. Mwalimu, ambaye darasani sauti yake ilitetemesha madirisha, alikuwa ameshajitupa chini ya meza ya pasi na kujifunika na kapu la nguo chafu. Fundi viatu alitimua mbio barabarani akipiga kelele za mwizi, kiatu cha mteja kikiwa kimemkwama mkononi. Sindano hakufanya lolote. Ile sindano aliyoishika ilikuwa imemwingia kidoleni bila yeye kusikia maumivu.

Maridadi akasema miguu niponye. Aliruka kapu, akapita mlango wa nyuma, akajitosa kati ya mashuka yaliyoanikwa. Mtu mrefu akamfuata. Kupitia mlango wa nyuma uliobaki wazi Sindano aliona shuka moja likimzonga kaka yake, likamfunika kichwa na mikono, na mdomo wa bastola ukageukia shuka lile lililokuwa na umbo la mtu.

"Simama, ama napiga."

Shuka likasimama. Kisha likaanguka chini lote kwa pamoja, Maridadi akiwa ndani yake, akilia kwamba asiuawe.

Nje, kelele za fundi viatu zilikuwa zimezaa matunda. Watu walikuwa wakikusanyika barabarani, na Sindano alisikia mawe yakiokotwa. Mwenye kofia aliyasikia pia. Jasho lilimtoka. Macho yake yalikwenda mlangoni, yakarudi kwa Shangazi, ambaye alikuwa bado ameshika pasi ya moto.

"Weka pasi chini, mama."

"Nikiiweka hapa itaunguza shati la Mwalimu," Shangazi akajibu. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku. "Naisimamisha kwenye kigae kile, polepole, na wewe unaniona. Baadaye nionyeshe kitambulisho. Umesema wewe ni polisi. Na mimi naweza kusema ni rubani."

Akaisimamisha pasi, akainua viganja vyote viwili viwe wazi, akangoja.

 Mwenye kofia akaishusha bastola ielekee sakafuni, akatoa kitambulisho kwa mkono mwingine. Shangazi alikisoma mbele, akakisoma nyuma, akaitazama picha, akautazama uso, akairudia picha. Alimwambia kwamba kwenye picha alikuwa mnene kidogo. Mtu mrefu alipoingia akimsukuma Maridadi, ambaye shuka lilikuwa bado linamning'inia begani, naye akatakiwa atoe cha kwake. Ni baada ya kuridhika ndipo Shangazi alipoomba ruhusa ya kwenda mlangoni. Aliwaambia watu kwamba hao si wezi, ni polisi, amewahakiki mwenyewe, na kila mwenye jiwe alirudishe alikolitoa. Watu walimjua Shangazi. Mawe yakaanguka moja moja, ingawa macho hayakuondoka.

Maridadi alikuwa amefungwa pingu. Mwenye kofia akashika ukosi wa lile koti kwa vidole viwili.

"Hili umelipata wapi?"

Maridadi alimtazama shangazi yake. Hapo ndipo alipokosea, kwa maana alimwogopa Shangazi kuliko alivyoziogopa bastola.

"Nimelinunua mtumba," akasema.

Yule polisi akamgeukia Sindano. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Binti, huyu ni nani wako? Unalijua koti hili?"

 Sindano alimwona kaka yake akimkazia macho. Akasema kwamba huyo ni kaka yake, na kwamba ni kweli, koti alilinunua mtumba. Yalimtoka kwa wepesi wa ajabu, na mara akajiona amemwokoa.

Wale polisi walitazamana. Ndipo mwenye kofia alipoeleza. Duka moja la simu lilikuwa limevamiwa, na mlinzi wake alikuwa bado hospitalini kwa kipigo. Aliyefanya hivyo alikuwa na silaha, na alikuwa amevaa koti la damu ya mzee lenye vifungo vya kung'aa. Jumamosi iliyopita mtu aliliona koti hilo kwenye sherehe, akamfuata aliyelivaa hadi mlango huu bila kumtambua, akapiga simu. Ndiyo sababu wamekaa kwenye benchi siku zote hizo, wakingoja litokeze tena. Leo limetokeza, na mwenye kulivaa, alipowaona, amekimbia.

Rangi ilimtoka Maridadi usoni. Akaanza kuropoka kwamba amedanganya, koti si lake, ni la mteja, mtu mmoja mpole anayeshukuru sana.

"Mara mtumba, mara mteja," alisema mtu mrefu. "Na dada yako amesema ni lako."

Wakamuuliza Shangazi. Shangazi hakuwapo siku koti lilipoletwa, na kusema uongo hakukujua. Alikunjua ukosi, akatafuta uzi, akatafuta tena. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba nguo ya mteja haikai dukani kwake bila alama, piga ua, na koti hili halina. Kwa hiyo si la mteja wake yeyote. Alipomaliza kusema akafumba macho, kwa maana alijua amesema nini juu ya mtoto aliyemlea.

Mtu mrefu akamshika Maridadi mkono, wakaanza kuelekea mlangoni.

Sindano aliona kila kitu kwa pamoja. Ukweli wa Shangazi na uongo wake yeye vilikuwa vimeshikana mikono kumpeleka kaka yake gerezani. Na kuufumua uongo huo kulikuwa na gharama. Mwalimu alikuwa ameshatoka chini ya meza, akipangusa magoti na kujikausha kana kwamba alikuwa ameangusha kalamu. Barabarani walijaa wateja. Akisema, wote watajua kwamba nguo zao huvaliwa, na kwamba uzi wa Shangazi unaweza kufumuliwa na mtoto kwa kubembelezwa tu.

"Nimesema uongo," akasema.

Hawakumsikia. Akasimama juu ya kigoda.

"Nimesema uongo. Koti ni la mteja. Uzi nimeufumua mimi kwa mkasi huu, kaka alitaka kulivaa. Huwa anavaa nguo za wateja. Na suruali ya huyo mtu bado iko hapa."

Alishuka akaenda kwenye rafu, akarudi na suruali ya kijivu, akaonyesha msalaba wa kijani na njano ndani ya kiuno. Kisha akakunja ukosi wa koti chini ya taa. Matundu ya sindano yalikuwapo, madogo, yamepangika msalaba, na katika tundu moja kulikuwa na kijiuzi cha kijani ambacho mkasi haukukifikia.

Mwenye kofia aliinama akatazama kwa muda mrefu. Akamuuliza mtu huyo yukoje, na Sindano akaeleza alivyokuwa, bila kuongeza kitu. Alipoulizwa alichokuwa hakijui, alisema hajui.

"Amelificha koti mahali penye makoti," polisi akamwambia mwenzake. "Na nyumbani kwake tungetafuta mpaka tuchoke."

Hata hivyo walimchukua Maridadi. Polisi alisema kwamba aliyekimbia na kudanganya hawezi kuachwa kwa neno la ndugu yake peke yake, na Shangazi akakubali kwamba hiyo ni haki. Alifunga duka, akafuatana nao hadi kituoni. Mwalimu alichukua shati lake likiwa nusu limepigwa pasi, akaondoka bila kuaga. Mama wa duka la dawa akaingia, akadai nguo zake zote, chafu na safi, akazibeba kifuani kama mtu aliyeokoa watoto kwenye moto.

Jioni Shangazi alirudi na Maridadi. Mwenye duka la simu alikuwa ameitwa, akamtazama, akasema siye. Maridadi aliingia ndani, akavua viatu, akaenda kukaa karibu na beseni.

Jumatatu Bwana Asante alikuja kuchukua nguo zake. Wale polisi wawili walikuwa nyuma ya pazia, na Sindano na kaka yake walikuwa wamepelekwa nyumbani kwa fundi viatu wasiwepo. Fundi viatu ndiye aliyetazama na kusimulia kwa wiki nzima. Kwa maelezo yake, pingu zilipofungwa yule bwana alisema asante kwa mazoea.

Baada ya hapo Shangazi alimsimamisha Maridadi mlangoni. Kila mteja aliyefika alisikia kutoka kinywani mwake ni nguo gani yake aliyoivaa na mara ngapi. Wengine walichukua nguo zao wakaenda. Mmoja alicheka mpaka akashika ukuta, akasema sasa ameelewa kwa nini suruali yake ilikuwa imepanuka, akaiacha ifuliwe. Duka lilikuwa na rafu tupu ambazo Sindano hakuwahi kuziona, na hakuna aliyejua kama zingejaa tena.

Siku moja walipokuwa wawili tu, Sindano akauliza jambo lililokuwa linamsumbua. Je, kama wale watu wangekuwa wezi kweli?

"Ningefanya yaleyale," Shangazi alisema. "Ningetulia, ningeonyesha mikono, ningeongea taratibu, wangechukua walichotaka. Nguo za watu tungezilipa. Wewe na kaka yako hakuna fedha ya kuwarudisha. Mwenye bastola naye ana hofu, na mtu mwenye hofu usimkimbilie wala usimkimbie. Akisema ni polisi, muulize kwa adabu aonyeshe. Ni haki yako. Na ukiulizwa, sema ulichokiona, basi. Usichokijua sema hukijui."

Aligeuza shati, akapitisha pasi mgongoni.

"Shangazi, wewe hukuogopa?"

"Niliogopa hata sikuzisikia nyayo zangu." Akaupiga pasi ukosi mpaka ukanyooka. "Lakini zile bastola nimeshazisahau. Linaloniamsha usingizini ni vile ulivyosema mtumba, bila hata kupepesa macho. Nilikuamini, mwanangu. Nilikuamini, na imani yangu kidogo imfunge kaka yako."